Kaka yangu alipata kiharusi, chanzo "hakijulikani", sasa maisha yake ni kuitazama CRP

Shikamoo Daktari,

Naandika kwa ajili ya kaka yangu, ingawa mwenyewe hajui. Ana miaka 46. Miezi mitatu na nusu iliyopita, asubuhi, alikuwa amekaa mezani ameshika kikombe cha maji. Kikombe kikaanza kuinama polepole, maji yakawa yanamwagikia gotini, naye anauangalia mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Nilipomwita alijibu, lakini maneno yalitoka vipande vipande. Tulifika hospitali ndani ya saa moja.

Walipiga CT skani, kesho yake MRI. Wakasema donge la damu limeziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo. Wakaangalia mishipa ya shingo, wakafanya eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), wakamfunga mashine ya kurekodi mapigo kwa saa 24, wakapima sukari na kolesteroli. Kila majibu yakirudi tunaambiwa "kawaida". Presha ilikuwa 138 kwa 86. Siku ya pili alipaliwa na maji, akakohoa sana, usiku akapata homa, akaanzishiwa antibayotiki. Baada ya siku tisa alitoka, na karatasi imeandikwa: "Kiharusi, chanzo hakijulikani."

Namshukuru Mungu, mkono umerudi karibu wote na kuzungumza anazungumza. Lakini amekuwa mtu wa namba. Aliona kwenye faili lake kuwa CRP ilikuwa 41 siku ya tatu. Siku ya kutoka ilikuwa 12, wiki ya sita 4.2, juzi 3.6. Amesoma kwamba CRP ni kipimo cha mchochota mwilini, yaani kinga ya mwili inapoamka kwa sababu ya jeraha au maambukizi, na kwamba mchochota huleta kiharusi. Sasa kila wiki yuko maabara. Ana daftari. Namba ikipanda kidogo tu, usiku ule halali. Rafiki yake amempatia kolkisini, ile dawa ya jongo, akamwambia inazima mchochota. Vidonge viko kwenye droo, hajaanza. Statini, dawa ya kushusha kolesteroli, ameiacha kwa kuwa "kolesteroli yangu ni nzuri". Mwingine amemwambia adai dawa kali ya kuzuia damu isigande badala ya klopidogreli anayotumia.

Mengine ni madogo. Akipiga mswaki fizi hutoka damu. Na mara nyingine usiku husema moyo unamrukaruka kifuani kama samaki aliyetolewa majini, halafu unatulia. Hilo tumeliacha kwa sababu mashine ya saa 24 haikuona kitu.

Je, ni mchochota uliomletea kiharusi? Aanze kolkisini? Na kuna kipimo gani cha damu cha kutuambia chanzo?

Dada Mwenye Kaka

JIBU

Marahaba, binti yangu. Poleni sana, wewe na kaka yako. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye sentensi uliyoiweka mwisho na kuiita ndogo: samaki aliyetolewa majini. Nitairudia, kwa sababu kwangu sentensi hiyo ina uzito kuliko namba zote nne za daftarini.

Kwanza ile karatasi. Ningekuwa mimi ningeandika "chanzo hakijajulikana". Tofauti ni ndogo, lakini mgonjwa anaishi nayo. "Hakijulikani" inamfungia mlango. "Hakijajulikana" inamwambia kwamba tumetafuta hapa na hapa, bado kuna pa kutafuta. Kwa takriban mtu mmoja kati ya kila wanne wanaopata kiharusi cha mshipa kuziba, vipimo vya kwanza havionyeshi chanzo. Si kwamba madaktari wenu walizembea. Uchunguzi uliouorodhesha ni mzuri. Ila umeishia mahali ambapo kwa mtu wa miaka 46 ndipo unapaswa kuanza upya.

Sasa CRP. Hii ni protini inayotengenezwa na ini baada ya kupata ujumbe kwamba kuna sehemu ya mwili imeumia au imevamiwa. Mjumbe mkuu huitwa intalukini-6. Protini yenyewe iligunduliwa mwaka 1930 na Tillett na Francis walipokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia, na C iliyomo kwenye jina lake inatokana na sehemu ya ukuta wa bakteria wa nimonia ambayo protini hiyo huishika. Nakukumbusha asili hiyo kwa sababu ya jambo uliloliandika bila kulitilia maanani: siku ya pili kaka yako alipaliwa, akakohoa, akapata homa, akapewa antibayotiki. Siku ya tatu CRP ikasoma 41.

Kiharusi mara nyingi hudhoofisha kumeza. Maji yakiteleza kuingia njia ya hewa, mapafu huchokozeka au hupata maambukizi, na CRP hupanda. Hata bila hilo, sehemu ya ubongo iliyokufa kwa kukosa damu huamsha mchochota yenyewe. Kwa hiyo 41 ile ilipimwa baada ya tukio, wakati mwili umeshajeruhiwa mara mbili. Ni kama kuingia nyumba iliyoungua, ukaona moshi, ukasema moshi ndio ulioichoma. Ili kujua CRP yake kabla ya asubuhi ile ya kikombe, ingebidi iwe imepimwa kabla, akiwa mzima. Haikupimwa, na hakuna daktari awezaye kurudi nyuma kuipima.

Tazama namba zilivyokwenda: 41, 12, 4.2, 3.6. Nusu ya CRP iliyomo kwenye damu huondoka kwa takriban saa 19. Chanzo kikizimika, namba hushuka haraka, na ndivyo ilivyofanya kwake. Mwendo huo ni wa mtu anayepona. Na kutoka 3.6 kwenda 4.4 halafu kurudi 3.5 hakuna maana ya kumkosesha mtu usingizi. Mafua, jino, usiku mbaya, mazoezi mazito, vyote huitikisa.

Sitaki uondoke ukidhani mchochota ni hadithi. Unahusika kweli. Utando wa mafuta unaojengeka ndani ya ateri si taka iliyolala tu. Umejaa chembe za kinga zinazofanya kazi, na utando uliochochoteka hupasuka kwa urahisi, damu ikagandia hapo. Watu ambao hs-CRP yao, yaani kile kipimo chenye usikivu zaidi, iko juu ya 3 wakiwa hawana ugonjwa wowote wa wakati huo, kwa jumla hupata viharusi na mishtuko ya moyo zaidi ya walio chini ya 1. Neno lenye uzito hapo ni "kwa jumla". Namba inayopanga makundi ya maelfu haimwambii mtu mmoja kilichomtokea. Isitoshe, tafiti za vinasaba zimeonyesha kuwa CRP yenyewe haielekei kuwa mtendaji. Anayeshukiwa ni njia ya intalukini-6 iliyo nyuma yake. CRP ni mtoa habari.

Ndiyo maana swali la kolkisini ni zuri, na wenye utaalamu wamelipima badala ya kulibishania. Kwa waliotoka kupata mshtuko wa moyo, utafiti wa COLCOT wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa miligramu 0.5 kwa siku ilipunguza matukio ya moyo na mishipa. Matumaini yakapanda kwamba itakuwa hivyo kwa kiharusi. Mwaka 2024 majibu mawili yakatoka. CONVINCE ilikuwa na watu 3,154 waliopata kiharusi kidogo au dalili za kiharusi zinazopita zenyewe, kisichotokana na donge la moyoni: waliotumia kolkisini walipata matukio machache kidogo, lakini tofauti haikutosha kusema si bahati tu, ingawa CRP zao zilishuka. CHANCE-3 ilifanyika China kwa watu 8,343, na iliwachagua makusudi wale ambao hs-CRP yao ilikuwa 2 au zaidi, yaani watu kama kaka yako anavyojiona. Baada ya siku 90 kiharusi kipya kiliwapata asilimia 6.3 ya waliopewa kolkisini na asilimia 6.5 ya wasiopewa. Ni sawasawa.

Naomba alitafakari lile la CONVINCE. CRP ilishuka, na bado kinga dhidi ya kiharusi haikuthibitika. Kuishusha namba na kumkinga mtu ni mambo mawili.

Basi vidonge vile vitoke kwenye droo. Vipelekeni kwa mfamasia au kwa daktari wake, mseme vimetoka wapi. Kolkisini ina nafasi ndogo kati ya dozi inayotibu na inayodhuru. Figo zikiwa dhaifu hurundikana mwilini. Ikichanganywa na baadhi ya dawa, kwa mfano antibayotiki ya klarithromaisini, inaweza kuua. Ikitumiwa pamoja na statini inaweza kuumiza misuli. Rafiki yake alimtakia mema, lakini hiyo si dawa ya kupeana.

Ushauri wa dawa kali ya kuzuia damu kuganda nao umeshapimwa, tena mara tatu. Utafiti wa NAVIGATE ESUS wa mwaka 2018 ulitumia rivaroksabani, mojawapo ya dawa hizo, kwa watu 7,213 wenye viharusi visivyojulikana chanzo, vya sura ya donge lililosafiri. RE-SPECT ESUS ya mwaka 2019 ilitumia dabigatrani kwa watu 5,390. Hakuna iliyoishinda aspirini katika kuzuia kiharusi kingine, na ile ya kwanza ilisimamishwa mapema kwa sababu damu kuvuja vibaya kulizidi. Kisha ARCADIA ya mwaka 2024 ikajaribu kuchagua kwa werevu zaidi: waliingizwa watu 1,015 ambao chumba cha juu cha kushoto cha moyo kilionyesha dalili za kuchoka, na mojawapo ya alama hizo ilikuwa kipimo cha damu kiitwacho NT-proBNP. Hata huko, apiksabani na aspirini zilitoka sare, asilimia 4.4 kwa mwaka kila upande. Dawa hizi ni nzuri mno pale chanzo kinachozihitaji kimeonekana. Kwa kubahatisha, hapana. Aendelee na klopidogreli yake, asiruke siku.

Na sasa samaki.

Vyumba vya juu vya moyo vinaweza kuacha kupiga kwa mpangilio, vikapapatika. Damu ikituama humo, donge hujitengeneza, na likichomoka safari yake mara nyingi ni moja kwa moja ubongoni. Shida ni kwamba kwa wengi mpapatiko huo huja na kuondoka. Unakuja usiku mmoja dakika ishirini, unapotea wiki tano. Mashine ya saa 24 ni kama mlinzi aliyekesha usiku mmoja, akaandika kwamba mwizi hayupo. Katika utafiti wa CRYSTAL AF, wagonjwa 441 waliokuwa na kiharusi kisichojulikana chanzo waligawanywa: nusu wakawekewa kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua kinachorekodi mfululizo, nusu wakafuatiliwa kwa njia ya kawaida. Baada ya miezi 12 mpapatiko ulipatikana kwa asilimia 12.4 ya wenye kifaa dhidi ya asilimia 2 ya wengine. Baada ya miaka 3 ilikuwa asilimia 30 dhidi ya 3. Watu ni wale wale. Kilichobadilika ni muda wa kuangalia.

Sisemi kaka yako ana mpapatiko. Kurukaruka kwa moyo usiku kunaweza kuwa mapigo ya ziada yasiyo na madhara, au hofu. Nasema mtu aliyepata kiharusi akieleza hivyo anahitaji kurekodiwa kwa wiki kadhaa, kwa kibandiko cha kifuani au kifaa cha chini ya ngozi, kile kitakachopatikana. Nendeni mkaseme neno hilo la samaki kama lilivyo. Msiseme "wakati mwingine anajisikia vibaya". Pia kama anakoroma sana na kukatika pumzi usingizini, litajeni, kwa maana kukata pumzi usiku huandamana na mpapatiko na hupandisha presha.

Jambo la pili la kuuliza kuhusu moyo, kwa umri wake, ni kile kitundu kati ya vyumba viwili vya juu. Kila mtoto tumboni anacho, na baada ya kuzaliwa hujifunga. Kwa mtu mzima mmoja kati ya wanne hakifungi kabisa, na wengi wao huishi hadi uzee bila kujua. Lakini donge dogo lililotoka kwenye mshipa wa mguu laweza kupenya hapo likavuka kwenda ubongoni. Eko ya kawaida hukikosa mara nyingi. Inatakiwa eko ya vipovu: maji yenye vipovu vidogo sana huingizwa kwenye mshipa wa mkono huku mgonjwa akijikamua pumzi, na daktari anaangalia kama vipovu vinavuka upande wa pili. Mwaka 2017 tafiti kadhaa zilionyesha kwamba kwa waliochaguliwa vizuri, wa umri wa hadi miaka 60, kukiziba kitundu hicho hupunguza kiharusi cha pili. Ulizeni kama ilifanyika. Katika orodha yako sikuiona.

Umeuliza kipimo cha damu cha kusema chanzo. Kimoja cha namna hiyo hakipo, ila vipo vinavyofungua mlango mahususi. Kwa umri wake ningetaka kuona kingamwili za antifosfolipidi, ambazo hufanya damu igande kwa urahisi, na zikionekana zirudiwe baada ya wiki 12, kwa sababu maambukizi ya kupita huweza kuzipandisha kwa muda. VVU na kaswende vipimwe kama havikupimwa. Vyote viwili huweza kudhuru mishipa ya ubongo na vyote vina tiba. Lipoprotini(a) ni mafuta ya kurithi ambayo kipimo cha kawaida cha kolesteroli hakiyaonyeshi, na kuipima mara moja maishani kunatosha. D-dimeri, yaani mabaki ya damu iliyoganda, ikiwa juu sana bila sababu, hasa kama mtu anakonda, humfanya daktari atafute saratani iliyojificha. Na kama homa inarudirudi, jasho la usiku, uchovu usioisha, mseme, maana maambukizi kwenye vali za moyo hutupa madonge ubongoni, na hapo CRP inakuwa na kazi yake halali kabisa.

Hebu turudi kwenye yale yaliyo mikononi mwenu leo, maana hapa ndipo nina wasiwasi hasa.

Statini ameiacha. Arudi kwa daktari wake wiki hii waizungumze, na kama iliachwa kwa sababu hiyo tu, airudie. Kolesteroli "nzuri" ya mtu ambaye hajawahi kuugua si nzuri kwa aliyeshapata kiharusi. Utafiti wa SPARCL wa mwaka 2006 uliwafuatilia watu 4,731 waliotoka kupata kiharusi au dalili za kupita: kwa takriban miaka 5 kiharusi kiliwarudia asilimia 11.2 ya waliotumia atovastatini, aina ya statini, na asilimia 13.1 ya wasioitumia. Na kwa vile moyo wake uko kwenye CRP, mwambie hili: katika JUPITER ya mwaka 2008, watu 17,802 wenye hs-CRP ya 2 au zaidi na kolesteroli isiyo mbaya walipewa rosuvastatini au kidonge kisicho na dawa. Kwa waliopata dawa CRP ilishuka kwa asilimia 37, na viharusi vikapungua karibu nusu. Hao hawakuwa wamewahi kupata kiharusi, kwa hiyo si mapacha wa kaka yako. Lakini kidonge anachokitafuta, cha kutuliza mishipa, ndicho alichokiacha.

Presha ya 138 kwa 86 mliambiwa ni kawaida. Kwa mtu aliyepata kiharusi, lengo la kawaida ni chini ya 130 kwa 80. Apime nyumbani asubuhi na jioni, amekaa kimya dakika tano, mkono umeegemezwa usawa wa moyo. Kama namba zinabaki juu, anahitaji tiba. Namba hii, tofauti na ile ya maabara, ukiishusha unamkinga. Fizi azipeleke kwa daktari wa meno: fizi zinazovuja damu ni mchochota wa kila siku ulio wazi, na zinatibika. Akiwa anavuta sigara, uliniacha gizani hapo, hiyo ndiyo ya kwanza kuzimwa.

Nimalizie na yeye mwenyewe. Mtu aliyeuona mkono wake ukimkana akiwa mezani, kisha akaambiwa hakuna ajuaye kwa nini, atashika chochote kinachoonekana kama jibu. Namba ilikuwa ya kwanza kumfikia. Usimcheke wala usimnyang'anye daftari. Lakini jua pia kwamba takriban theluthi moja ya waliopata kiharusi hupatwa na sonona, na kutolala, woga na kujichunguza bila kukoma huwa sura zake. Hilo lina tiba, na madaktari wake walisikie kutoka kwenu, kwa maana yeye atawapa namba tu.

Mwombe mfungue ukurasa mpya. Mpango wa kwenda maabara kila wiki uishe. CRP ipimwe pale daktari atakapokuwa na sababu. Kwenye ukurasa huo aandike presha yake. Na kila samaki akiruka: tarehe, saa, alikuwa anafanya nini, ilidumu muda gani. Mfundishe kuweka vidole viwili chini ya kidole gumba kwenye kifundo cha mkono, ahesabu mapigo sekunde 60 kamili, aandike hesabu na kama yanakwenda kwa mpangilio au yanajikwaa. Wewe pia jifunze kuyahesabu kwenye mkono wake, kwa usiku ambao ataogopa kuhesabu mwenyewe. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukianguka, maneno yakivunjika tena, hata yakirudi sawa baada ya dakika tano, msihesabu chochote, mkimbieni hospitali.

Ukurasa huo ukifika nusu, nendeni nao kwa daktari wa moyo. Kisha niandikie, unieleze walimwekea kifaa gani na kwa siku ngapi.